Ufuo Uliogeuka Mali: Historia ya Utalii katika Pwani ya Kenya

Pwani ya Kenya, inayoanzia Vanga kwenye mpaka wa Tanzania na kuishia Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, imezoeleka kuelezwa kwa mandhari yake: mchanga mweupe uliotokana na matumbawe yaliyosagwa na mawimbi, minazi, mikoko iliyojaa kwenye hori, na mwamba unaokwenda sambamba na nchi kavu na kuvunja nguvu za bahari kuu kabla hazijafika ufuoni. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaficha jambo ambalo bila kulitaja historia ya utalii wa sehemu hiyo haieleweki, nalo ni kwamba ule ukanda mwembamba wa mchanga ambao leo viwanja vyake vinauzwa kwa bei kubwa kuliko mashamba ya bara yake, kwa karne nyingi haukuuzwa wala kununuliwa. Ufuo uligeuzwa kuwa mali, na mabadiliko hayo yalianza kwa sheria ya ardhi miaka mingi kabla mtalii wa kwanza wa ndege hajashuka Mombasa.

Wenyeji wa zamani hawakujenga miji yao wakitazama uzuri wa mchanga. Mombasa, Kilifi, Lamu na Pate ilikaa ndani ya hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, au nyuma ya visiwa, kwa kuwa vyombo vilihitaji kinga dhidi ya upepo na mawimbi. Ufuo ulio wazi, kama ule wa Diani au Watamu, ulikuwa mahali pa kazi. Palikuwa na madiko, yaani sehemu ambapo wavuvi hupandisha ngalawa na kupakua samaki. Palikuwa na nafasi ambapo jahazi liliegeshwa, likakwanguliwa, likapakwa sifa, ambayo ni mafuta ya papa, na sehemu yake ya chini ikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Wakati wa bamvua, ambapo maji hupwa mbali kuliko kawaida, wanawake na watoto walitoka kwenye mwamba kutafuta pweza na chaza. Nyuma ya mchanga kulikuwa na makaburi, visima, misikiti midogo na mapango ya mizimu ambayo watu waliyaendea kwa tambiko. Haki ya kupita na kutumia mahali hapo ilijulikana na kila mtu, na kwa sababu ilijulikana, haikuandikwa.

Wageni nao hawakuwa jambo jipya. Kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, ulileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Uhindi, na kusi, unaoanza mnamo Aprili, uliwarudisha walioletwa. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kupitia Mombasa kuelekea Kilwa, aliandika jinsi kila mfanyabiashara alivyopokewa bandarini na mwenyeji wake, akalala nyumbani kwake na kumtegemea katika kuuza na kununua. Desturi hiyo ya mgeni kuwa na mwenyeji anayejulikana iliendelea katika miji mingi ya Waswahili kwa karne kadhaa, na mara nyingi iliishia katika undugu na ndoa. Jambo la kuzingatia ni mahali alipowekwa mgeni: alikaa ndani ya mji, katika mtaa, miongoni mwa watu. Utalii wa karne ya 20 ulimhamisha mgeni huyo ukamweka nje ya mji, kwenye mchanga, na badala ya mwenyeji mwenye jina akapewa kampuni.

Mwaka 1895 Uingereza ilichukua usimamizi wa ukanda wa maili 10 kutoka baharini, ambao kwa hesabu ya mikataba ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar na ulibaki hivyo kwa jina hadi 1963. Ndani ya ukanda huo serikali ya kikoloni ilitunga, mwaka 1908, sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila mwenye madai ya shamba au kiwanja ayapeleke mbele ya msajili na kuyathibitisha. Aliyekubaliwa alipata hati, na ardhi ambayo hakuna mtu aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza, yaani ya serikali. Sheria hiyo ilielewa umiliki kuwa ni wa mtu au familia yenye karatasi au mashahidi wa kununua na kurithi. Baadhi ya familia za Kiarabu na za Waswahili waliofahamu taratibu za kadhi na za maandishi waliweza kuitumia. Wamijikenda, yaani makabila tisa jirani yanayojumuisha Wagiriama, Wadigo, Wakauma na wengine, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na mzee aliyekuwa akiigawa hakuwa na mamlaka ya kuiuza, hawakupata nafasi humo. Wengi wao walijikuta kisheria ni maskwota, neno linalotumika hadi leo kwa mtu anayeishi kwenye ardhi yenye hati ya mwingine, ingawa walikuwa wakilima minazi na mikorosho waliyoipanda wenyewe. Ni vigumu kukubali hoja, inayorudiwa mara kwa mara, kwamba mgogoro wa ardhi ya Pwani uliletwa na hoteli. Hoteli zilikuta mgogoro uko tayari, zikaupandisha thamani.

Reli iliyotoka Mombasa na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901 ilijengwa kwa ajili ya Uganda na biashara, lakini iliwaleta pia walowezi katika nyanda za juu, na hao ndio waliokuwa watalii wa mwanzo. Miongoni mwa Wazungu wa wakati huo ilienea imani kwamba kukaa muda mrefu mahali palipoinuka, chini ya jua la ikweta, kunachosha mishipa ya fahamu, na madaktari wakawashauri washuke pwani mara kwa mara wapumzike kwenye usawa wa bahari. Kutokana na ushauri huo likizo ya ufuoni ikawa tiba inayoheshimika. Mwaka 1931 daraja linaloelea lilifungwa kati ya kisiwa cha Mombasa na Nyali, na ufuo wa kaskazini ukafikika kwa gari. Waliokwenda mbali zaidi walivuka hori ya Mtwapa kwa pantoni iliyovutwa kwa mnyororo na watu waliokuwa wakiimba na kucheza wakivuta, kisha wakavuka tena Kilifi, ambapo daraja halikujengwa hadi 1991.

Malindi ndiyo iliyopata hoteli za kwanza za likizo ya ufuoni katika miaka ya 1930. Maarufu zaidi ilikuwa Lawford's, iliyoanzishwa na ofisa wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza. Mji huo ulikuwa na sifa ya zamani: Vasco da Gama alipokewa hapo mwaka 1498 na akapewa rubani wa kumfikisha Uhindi, na nguzo ya Wareno iliyo kwenye rasi ya kusini mwa mji bado imesimama. Hata hivyo, kilichowavutia wageni wa miaka ya 1930 kilikuwa uvuvi wa samaki wakubwa wa bahari kuu. Mwandishi Ernest Hemingway alivua hapo mwaka 1934 baada ya safari yake ya kuwinda bara. Hoteli hizo zilikuwa za Wazungu peke yao. Mwafrika aliingia akiwa mpishi, dobi au mtumishi wa mezani, na mvuvi aliyejua mwamba na mikondo ndiye aliyemwongoza mgeni kwenye samaki, ingawa picha ilipopigwa na samaki kutundikwa, jina lililoandikwa ni la mgeni.

Pamoja na bahari, serikali ya kikoloni ilianza kuyahifadhi magofu. Gedi, mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17 na kumezwa na msitu karibu na Watamu, ulitangazwa kuwa mahali pa historia mwaka 1927, na kuanzia 1948 mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba na kuonyesha jumba, misikiti, visima na vigae vya Kichina vilivyothibitisha upana wa biashara yake. Fort Jesus ya Mombasa, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ilikuwa jela hadi 1958, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifunguliwa kama makumbusho. Hatua hizo ziliokoa mengi na zinastahili shukrani. Lakini maelezo waliyopewa wageni kwa miongo kadhaa yalikuwa kwamba miji hiyo ni kazi ya walowezi wa Kiarabu na Kiajemi, na mwenyeji aliyesimama pembeni akisikiliza alifundishwa kujiona mpita njia katika mji wa mababu zake. Uchimbaji wa miaka ya 1980, hasa ule wa Mark Horton huko Shanga katika kisiwa cha Pate, ulionyesha misikiti na nyumba za mawe zikikua taratibu kutoka kwenye makazi ya udongo na miti ya watu wa Pwani wenyewe, na tangu hapo wanahistoria wameutazama ustaarabu huu kuwa wa Kiafrika uliopokea dini na bidhaa kutoka ng'ambo. Maelezo ya waongoza watalii yalichelewa kufuata.

Baada ya uhuru wa 1963 serikali mpya iliuona utalii kuwa njia ya haraka ya kupata fedha za kigeni. Shirika la kuendeleza utalii liliundwa mwaka 1965, wizara ya utalii na wanyamapori mwaka 1966, na Chuo cha Utalii cha Nairobi kilianza kuwafunza wapishi, wahudumu na mameneja mwaka 1975. Uwanja wa ndege wa Mombasa ulipanuliwa mwishoni mwa muongo huo ili kupokea ndege kubwa moja kwa moja kutoka Ulaya. Ndipo ulipopata nguvu utalii wa wingi, ambapo kampuni moja ya Ujerumani, Uswisi au Uingereza ilikodi ndege nzima, ikanunua vyumba vya hoteli kwa msimu mzima, na kumuuzia mteja nauli, kitanda na chakula kwa bei moja iliyolipwa kwao kabla ya safari. Utaratibu huo uliijaza Nyali, Bamburi, Shanzu na Diani hoteli kubwa, na ukatoa ajira kwa maelfu, lakini sehemu kubwa ya fedha ya mgeni ilibaki ilikolipwa, na iliyofika Mombasa ilikuwa gharama ya kitanda, mishahara na vyakula.

Malindi na Watamu zilifuata njia tofauti kidogo. Italia ilianzisha kituo cha kurushia setilaiti kwenye majukwaa ya baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo mwaka 1967. Mwaka 1970, siku ya sherehe za uhuru, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka hapohapo ili kuchunguza nyota. Wahandisi na mafundi wa Kiitaliano walikuja na jamaa zao, wengine wakanunua viwanja, na ndani ya miaka ishirini mji ambao ndege za Italia ziliushambulia kwa mabomu mwaka 1940 ulikuwa na mikahawa, majumba na maduka ya Waitaliano, na vijana wa Kigiriama waliozungumza Kiitaliano kwa ufasaha bila kukaa darasani.

Mwaka 1968 Malindi na Watamu zilipata hifadhi za bahari, za kwanza nchini Kenya. Katika hifadhi kamili uvuvi wa aina yoyote ulikatazwa, na katika eneo la akiba lililoizunguka uliruhusiwa uvuvi wa asili tu, yaani wa mishipi, madema, ambayo ni mitego ya kusukwa, na nyavu za macho yanayokubalika. Kwa upande wa viumbe faida ilionekana, kwani kulikuwa na watu waliokuwa wakibandua kauri na makombe makubwa kwa wingi ili kuwauzia wageni, na bustani za matumbawe zilikuwa zikivunjwa. Kwa upande wa wavuvi, sehemu bora za kuvulia wakati wa kusi, ambapo chombo kidogo hakithubutu kutoka nje ya mwamba, zilifungwa. Baadhi yao waliwekea mashua zao vioo chini na kuanza kuwapeleka wageni kutazama samaki walewale waliowavua zamani, na ni haki kusema kwamba waliofanikiwa katika kazi hiyo hawakutamani kurudi kwenye nyavu, lakini mashua zilizopata wateja zilikuwa chache kuliko madema yaliyoachwa.

Ujuzi mwingine wa wenyeji ulioingia katika hoteli ni ule wa kuezeka. Kuti la mnazi hukaushwa, majani yake hupukutwa kutoka kwenye uti, kila jani hukunjwa juu ya ufito na kushonwa kwa ukamba mpaka upatikane ubao wa makuti wa urefu wa mkono wa mtu au zaidi, na kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na wanawake wakiwa wamekaa uani. Fundi huzipanga mbao hizo kuanzia chini ya paa kwenda juu, kila moja ikilalia nyingine kwa nafasi ya vidole vichache, juu ya pau na boriti za mikoko. Kadiri zinavyobanana ndivyo paa linavyodumu. Kabla ya utalii paa la makuti lilikuwa la mtu ambaye hakuweza kununua bati. Wasanifu wa hoteli walilichukua wakalipandisha kwenye kumbi zenye urefu wa ghorofa tatu, na vijiji vya Kilifi na Kwale vikapata soko la uhakika. Ukataji wa mikoko nao uliongezeka kiasi kwamba serikali ililazimika kuuwekea marufuku na vibali. Kadhalika wachongaji wa Kikamba, ambao sanaa yao inahusishwa na Mutisya Munge aliyejifunza kwa Wamakonde wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliunda chama cha ushirika Mombasa mwaka 1963 na kuchonga twiga, vifaru na vinyago kwa mpingo na muhugu, hadi miti hiyo ikaanza kuadimika katika misitu ya karibu.

Pale Diani, kusini mwa Likoni, ndipo gharama ya ufuo kugeuka mali inapoonekana wazi zaidi. Kaya, yaani maeneo ya msitu ambamo mababu wa Wamijikenda walijenga ngome za makazi na baadaye wakayaacha kuwa mahali pa makaburi na maombi, zilifika hapo hadi karibu na mchanga. Barabara ya lami na bei ya viwanja zilifanya misitu hiyo ikatwe kipande kwa kipande katika miaka ya 1970 na 1980, wakati mwingine kwa hati zilizotolewa Nairobi bila wazee wa kaya kuulizwa. Kuanzia 1992 kaya kadhaa zilitangazwa rasmi kuwa urithi wa taifa, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kumi katika orodha ya urithi wa dunia. Kaya Kinondo, iliyoko kusini mwa hoteli za Diani, iliwafungulia wageni sehemu ya msitu wake mapema katika miaka ya 2000 chini ya masharti ya wazee wa Kidigo: mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, hachukui kitu, na haingii mahali pa ndani. Katika mifano yote ya Pwani, huu ndio unaokaribia zaidi desturi ya kale ya mgeni na mwenyeji, kwa kuwa anayepanga mipaka ya ziara ni mwenye mahali.

Biashara iliyotegemea ndege za kukodi ilikuwa dhaifu kuliko ilivyoonekana. Mnamo Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, watu wa bara waliuawa na kufukuzwa makwao, na madai yaliyotolewa na vijana walioshiriki yalirudi kwenye mambo mawili, ardhi na ajira. Kampuni za Ulaya ziliondoa ndege zao na hoteli zikafungwa. Mwaka uliofuata joto la bahari liliua matumbawe mengi kutoka Lamu hadi Shimoni. Novemba 2002 bomu liliteketeza hoteli moja ya Kikambala. Malindi ilikuwa na tatizo lake jingine: mto Sabaki, unaochukua udongo wa mashamba yaliyomomonyoka Ukambani na kwingineko bara, humwaga maji mekundu kaskazini mwa mji, na wakati wa kaskazi, ambao ndio msimu wa wageni, mkondo huyasukuma kwenye ghuba. Udongo huo ulirefusha mchanga hadi hoteli zilizojengwa ukingoni mwa maji zikajikuta mbali nayo, na wageni waliotaka maji maangavu wakahamia Watamu.

Madhara mengine yalikuwa ya watu. Ripoti iliyotolewa mwaka 2006 na UNICEF pamoja na serikali ya Kenya ilionyesha kwamba maelfu ya wasichana wenye umri mdogo walikuwa wakitumiwa kwa ngono katika miji ya Pwani, na kwamba waliowatumia walikuwa wageni wa nje na pia wanaume wa Kenya. Serikali, wenye hoteli na wazee wa mitaa walikuwa wamelijua jambo hilo kwa miaka mingi, na kunyamaza kwao kulikuwa kosa kubwa, kwa maana kulilinda jina la Pwani kwa gharama ya watoto wake.

Katiba ya 2010 ilileta vifungu viwili vinavyogusa ufuo moja kwa moja. Cha kwanza kinamzuia mtu asiye raia kumiliki ardhi kwa zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Cha pili kinatangaza kwamba ardhi yote iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa ni ya umma. Kwa kifungu hiki mchanga wenyewe umerudi kwa wote, lakini njia ya kuufikia haikurudi nao, kwa sababu kati ya barabara na maji kuna safu ya viwanja vyenye hati na kuta, na vichochoro vilivyochorwa kwenye ramani za zamani vimezibwa au vimeuzwa. Kanuni za uvuvi za 2007 ziliwapa wavuvi kamati za kusimamia ufuo na kutambua madiko yao, na kamati hizo ndizo zilizoanza kudai, diko kwa diko, kwamba vichochoro vifunguliwe na maeneo ya kupakulia samaki yasajiliwe kwa jina la umma. Hoja wanazotoa mbele ya mahakama na tume ya ardhi ni zilezile ambazo msajili wa 1908 hakuwa na safu ya kuziandikia: nani alipita hapo, tangu lini, na kwa kazi gani.